Ioni zimepotea, zimevuja au zimetimuliwa? Kitenzi kimoja hakitoshi

Kupotea, kuvuja, kuponyoka, kutoroka, kutimuliwa. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu vitenzi hivi vitano avitungie sentensi, na hatavichanganya. Pesa hupotea. Paa huvuja. Samaki huponyoka mkononi. Mfungwa hutoroka. Mpangaji asiyelipa kodi hutimuliwa. Kila kitenzi kinabeba kisa chake: nani ameondoka, kwa nguvu za nani, kutoka wapi na kuelekea wapi.

Sasa chukua mada ambayo wengi wetu tungedhani haina uhusiano wowote na sarufi. Kwa miongo mingi wanafizikia wamekuwa wakijaribu kuzalisha nishati duniani kwa njia ile ile inayoliwasha jua. Mojawapo ya matatizo yao ni kwamba baadhi ya chembe muhimu, yaani ioni za kasi, huondoka mahali zilipotakiwa kubaki. Kiingereza cha fani hiyo kina nomino moja ya jumla kwa tukio hili, nayo huongezewa vivumishi vya kila namna. Mfasiri wetu akikutana na nomino hiyo, huandika "upotevu" na kusonga mbele. Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopunjwa, kwa sababu swali zima la kisayansi limo ndani ya tofauti ya vitenzi nilivyotaja.

Hebu tulifuate jambo hili hatua kwa hatua.

Jua ndani ya chombo

Kuna njia mbili za kupata nishati katika kiini cha atomu. Ya kwanza ni kukipasua kiini kizito, kama cha urani, na hii ndiyo inayotumika katika vinu vya nyuklia vilivyopo leo. Ya pili ni kuviunganisha viini vyepesi viwili. Baadhi ya waandishi huziita mwatuko na myeyungano. Mimi hapa nitasema mpasuko na muungano, maana maneno haya hayahitaji maelezo.

Katika muungano, fueli inayopendelewa ni aina mbili nzito za hidrojeni: diyuteriamu na tritiamu. Viini vyake vinapoungana huzaa kiini cha heliamu, kinachoitwa chembe alfa, pamoja na nyutroni moja. Nishati inayotoka kwa kila muungano ni elektronivolti milioni 17.6. Nyutroni huondoka na elektronivolti milioni 14.1, na chembe alfa hubaki na milioni 3.5, yaani takriban moja kwa tano ya jumla.

Shida ni kwamba viini vyote vina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Ili vikaribiane hadi viungane lazima vigongane kwa nguvu kubwa mno, na hilo huhitaji joto. Kitovu cha jua kina nyuzi za Selsiasi takriban milioni 15. Mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa mataifa mengi, umekusudiwa kufikia nyuzi milioni 150. Katika joto la namna hiyo atomu hazibaki nzima. Elektroni huachana na viini, na gesi hugeuka kuwa plasma, yaani mchanganyiko wa elektroni na ioni.

Neno "ioni" lenyewe lina asili ya kuvutia. Mwingereza Michael Faraday alilianza kulitumia mwaka 1834 kwa ushauri wa msomi William Whewell, nalo linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kwenda. Ioni, kwa hiyo, ni "kiendacho". Kazi yote ya muungano wa viini ni kumzuia huyu mwendaji asiende zake.

Hakuna sufuria inayoweza kubeba kitu chenye nyuzi milioni 150. Ikigusana nayo, plasma itapoa na sufuria itaungua. Kwa hiyo wanasayansi hutumia sumaku. Chembe yenye chaji ikiwa ndani ya uga wa sumaku haiendi moja kwa moja. Huuzungukazunguka mstari wa sumaku huku ikisonga mbele, kama mtambaazi unaojisokota kwenye kamba. Kamba hiyo ikikunjwa iwe pete, chembe haina mwisho wa kufikia. Chombo chenye umbo la pete namna hii huitwa tokamaki, kifupisho cha maneno ya Kirusi, kwa kuwa kilibuniwa katika Muungano wa Kisovieti.

Kasi si haraka

Kwa nini tunasema "ioni za kasi" na si "ioni za haraka"? Mwenye haraka ana mahali anapotaka kuwahi; haraka ni hali ya nafsi. Kasi ni kipimo. Ioni ya kasi ni ile ambayo nishati yake imezidi mno nishati ya ioni za kawaida zilizo kando yake. Chembe alfa inapozaliwa husafiri takriban kilomita 13,000 kwa sekunde. Pete ya ITER ina nusu kipenyo cha mita 6.2, na kwa kasi hiyo chembe ingeweza kuizunguka zaidi ya mara 300,000 kwa sekunde moja lau ingefuata pete bila kujisokota.

Si chembe alfa pekee zilizo na kasi. Plasma hupashwa joto kwa kupigwa miale ya atomu zenye nishati kubwa, ambazo zikifika ndani hugeuka ioni za kasi. Njia nyingine ni kuzisukuma ioni kwa mawimbi ya redio.

Ioni hizi ndizo kuni za moto huu. Nyutroni haina chaji, hivyo sumaku haiwezi kuishika. Hupita ikaenda zake hadi ukutani, na joto lake ndilo litakalotumiwa kuzalisha umeme. Chembe alfa ina chaji. Hubaki ndani, hugonganagongana na chembe nyingine, hupunguza mwendo, na katika kupunguza huko huigawia plasma joto lake. ITER imekusudiwa kuzalisha megawati 500 za nishati ya muungano kwa kupashwa megawati 50 kutoka nje. Moja kwa tano ya 500 ni megawati 100. Kwa maneno mengine, chembe alfa zinatarajiwa kuipasha plasma maradufu ya inavyopashwa na mitambo ya nje.

Sasa fikiria sehemu ya chembe hizo zikiondoka kabla ya kutoa joto lake. Hasara ni mbili. Plasma hupoa, na moto unaotakiwa kujiendeleza wenyewe hufifia. Pili, nishati hiyo haitoweki. Huenda ikatua mahali pamoja penye upana mdogo ukutani, na kupachoma.

Njia tatu za kutoroka

Napendekeza kutoroka kiwe kitenzi cha jumla, kwa sababu kinadai kuwepo kwa kizuizi. Huwezi kutoroka mahali ambapo hukuzuiwa. Kupotea hakufai. Kilichopotea hakijulikani kiliko, ilhali ioni hizi tunajua zinakokwenda: ukutani. Ndani ya kutoroka kuna njia tatu, na kila moja ina kitenzi chake.

Njia ya kwanza ni kuponyoka. Si ioni zote zinazoizunguka pete nzima. Nyingine zikikaribia upande wa ndani wa pete, ambako sumaku ni kali zaidi, hurudishwa nyuma, zikaenda na kurudi upande wa nje. Njia hiyo ikichorwa kwenye mkato wa pete huwa na umbo la ndizi, na ndivyo wanafizikia wanavyoiita: njia ya ndizi. Ioni ya kasi huwa na ndizi pana. Ikiwa imezaliwa karibu na ukingo wa plasma, huenda ubavu wa nje wa ndizi yake ukagusa ukuta katika mzunguko wa kwanza tu. Hakuna aliyeisukuma na hakuna tundu lililoachwa. Mkono wa sumaku haukutosha kuishika. Dawa yake ni kuongeza mkondo wa umeme unaopita katika plasma, maana mkondo ukiwa mkubwa ndizi huwa nyembamba.

Njia ya pili ni kuvuja. Koili za sumaku zimepangwa kuizunguka pete kama mbavu. Kati ya ubavu na ubavu, sumaku hulegea kidogo. Ioni inaweza kunaswa katika pengo hilo, ikawa inasukwasukwa kati ya koili mbili huku ikipanda au kushuka polepole hadi igonge ukuta. Mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza, kuanzia 1983 hadi 2023, ulikuwa na koili 32. Watafiti waliweza kuzipa koili zinazopishana mikondo tofauti ya umeme, wakayaongeza mapengo hayo kwa makusudi ili waone athari zake. ITER ina koili 18 tu, kwa hiyo vipande vya chuma chenye usumaku vimewekwa katika chombo chake ili kuusawazisha uga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa huzibwa ili ukuta uliopo usichomwe.

Njia ya tatu ni kutimuliwa. Mswidi Hannes Alfvén alitabiri mwaka 1942 kuwa mistari ya sumaku ndani ya plasma inaweza kutikisika kama nyuzi za zeze, na mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel. Ioni ya kasi ikienda sambamba na wimbi la namna hiyo, hulipatia nguvu, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati unaofaa. Wimbi likishakua huzigeukia ioni zile zile zilizolilisha na kuzirusha nje. Kuna pia mtikisiko mwingine uliogunduliwa katika mtambo wa PDX huko Princeton, Marekani, na kuelezwa mwaka 1983. Alama yake kwenye karatasi ya vipimo ilifanana na kiunzi cha samaki aliyeliwa nyama, na Wamarekani wakaupa jina la mfupa wa samaki. Mswahili hatasema hivyo. Samaki ana miiba. Basi kwetu sisi huo ni mtikisiko wa mwiba, na jina letu limekuwa bora kidogo, kwa maana kweli huchoma.

Tazama hapa sarufi inavyofanya kazi. Kuponyoka na kuvuja havina mtenda wa nje. Kutimuliwa kuko katika kauli ya kutendwa, na msikilizaji wa Kiswahili atauliza papo hapo: na nani? Mtafiti naye huuliza swali hilo hilo. Wimbi gani limezitimua?

Wakati mwingine jibu huhitaji vitenzi viwili. Mfano ni tokamaki ya TFTR ya Princeton, iliyofanya kazi kuanzia 1982 hadi 1997. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 ulieleza jinsi mawimbi ya Alfvén yalivyozisukuma ioni za kasi hadi zikanaswa katika mapengo ya koili, na kutoka hapo zikamwagika mahali pamoja ukutani kwa ukali. Zilitimuliwa, kisha zikavuja. Ukiandika "upotevu wa ioni", mhandisi hajui aongeze mkondo, azibe mapengo au ayatulize mawimbi.

Kuzinasa na kuzitambua

Je, unaijuaje njia iliyotumiwa na kitu usichoweza kukiona? Hapa tena lugha inatusaidia. Kunasa ni kukamata. Kutambua ni kujua ulichokamata ni kipi. Mtego wa panya hunasa, lakini hautambui. Chombo kinachohitajika lazima kifanye yote mawili, kwa hiyo jina la kitambuzi linakifaa.

Kitambuzi kinachotumika sana huwekwa ukutani karibu na ukingo wa plasma, kikiwa ndani ya kifuko kinachostahimili joto. Kifuko kina kitundu chembamba. Ioni inayotoroka ikipita kitunduni, huendelea kujisokota kama kawaida yake, kisha huligonga bamba lililopakwa madini yanayotoa mwanga yakigongwa. Jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya cheche. Sisi tuna kimulimuli, mdudu awakaye na kuzima gizani. Bamba la kimulimuli linaeleweka bila kamusi.

Uzuri wa chombo hiki ni kwamba mahali ioni inapogonga si pa kubahatisha. Ioni yenye nishati kubwa hujisokota kwa duara pana. Chembe alfa iliyotoka kuzaliwa katika ITER itakuwa na duara lenye nusu kipenyo cha takriban sentimita 5, ilhali ioni ya kawaida ina milimita chache tu. Kwa hiyo upande mmoja wa bamba husoma upana wa duara, yaani nishati. Upande wa pili husoma mwinamo wa njia, yaani ioni ilikuwa ikienda zaidi mbele au ikizunguka zaidi papo hapo. Doa la mwanga ni kama anwani: latwambia mgeni huyu ametoka njia gani.

Mwanga huo husomwa na macho mawili. Jicho la kwanza ni kamera, inayoona vizuri mahali doa lilipo ila ni ya polepole. Jicho la pili ni vikuza mwanga vinavyoweza kupima takriban mara milioni moja kwa sekunde. Kamera na vikuza mwanga huwekwa mbali, na picha hufikishwa kwa lenzi na nyuzi za kioo, kwa sababu joto na nyutroni za karibu na plasma zingeviharibu. Chombo cha namna hii kilitumiwa katika TFTR kuzifuatilia chembe alfa, na baadaye Mhispania Manuel García-Muñoz alikiendeleza katika mtambo wa ASDEX Upgrade ulioko Garching, Ujerumani, kikaweza kuyafuata mawimbi ya kasi.

Sasa vitenzi vyetu vitatu vinapata ushahidi. Ioni zinazoponyoka huonekana mara tu miale ya kupasha joto inapowashwa, na hutoweka mara inapozimwa. Zinazovuja hutoa doa lililotulia penye mwinamo maalumu, ule wa ioni zilizonaswa katika pengo. Zinazotimuliwa humetameta kwa mdundo. Wimbi likitikisika mara 100,000 kwa sekunde, mwanga wa bambani nao utawaka na kufifia mara 100,000 kwa sekunde. Mdundo huo ndio unaomtaja mtenda wa kauli yetu ya kutendwa.

Kitambuzi kimoja hakitoshi. Huona sehemu ndogo ya ukuta, kama mtu apimaye mvua ya mji mzima kwa kikombe kimoja. Ndiyo maana ASDEX Upgrade imewekewa vitambuzi vitano mahali tofauti. Katika JET palikuwa pia na vikombe vya Faraday, vilivyopewa jina la yule yule aliyetuletea ioni. Hivi ni karatasi nyembamba za metali zilizopangwa moja nyuma ya nyingine: kadiri ioni inavyokuwa na nishati ndivyo inavyopenya hadi karatasi ya ndani zaidi, na umeme wake hupimwa hapo. Njia nyingine ni kusikiliza miale ya gama: chembe alfa ikigonga beriliamu huweza kuzalisha mwale wa elektronivolti milioni 4.44, na mwale huo hutambulika kama sauti ya mtu unayemfahamu.

Kutoka wapi?

Huenda ukauliza, haya yote yanamhusu nini msomaji wa Kenya? Yanamhusu, na sababu ni kitenzi kuvuja.

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia huko. Kinu hicho kingekuwa cha mpasuko, si cha muungano. Lakini katika masikio ya umma neno "nyuklia" ni moja, na likifuatwa na "kuvuja" picha inayokuja ni ya sumu iliyofika kisimani. Sasa mwandishi aandike kwamba "ioni zimevuja katika mtambo wa nyuklia". Hajasema uongo, ila amewatia watu hofu isiyo na msingi. Ioni hizi hutoroka kutoka ugani mwa sumaku, si kutoka mtamboni. Husafiri sentimita kadhaa, zikaugonga ukuta wa ndani na kuishia hapo. Chembe alfa ya elektronivolti milioni 3.5 huzuiwa hata na karatasi. Nyutroni ni suala jingine. Hizo hupenya, na kwa ajili yake hujengwa kinga nene. Mwananchi ana haki ya kuambiwa hivyo bila kufichwa.

Kwa hiyo mwandishi wa sayansi asikiache kitenzi kikining'inia. Aseme zimetoka wapi, zimeishia wapi, na kama zimetimuliwa, zimetimuliwa na nini. Kiswahili kina viambishi vya mahali na kauli za vitenzi kwa kazi hiyo hasa.

Kamati zetu za istilahi zimefanya kazi ya kusifiwa, lakini aghalabu orodha zake ni za nomino: ioni, plasma, uga, koili. Nomino hizo twaweza kuzikopa, tukazitia katika ngeli ya I-ZI au nyingineyo na maisha yakaendelea. Kitenzi hakikopeki kwa urahisi namna hiyo, na ndicho kinachoeleza jambo lilivyotokea. Ningependa kila istilahi mpya ya sayansi ichapishwe pamoja na sentensi mbili tatu zinazoonyesha vitenzi vinavyoandamana nayo. Mwanafunzi akijua kwamba ioni huponyoka, huvuja au hutimuliwa, na akajua kila kimoja huacha alama gani kwenye bamba la kimulimuli, ameshaielewa fizikia yenyewe.